Ukaguzi wa kwanza wa mlezi wa watoto nyumbani nchini England: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo walezi wanaozungumza Kiswahili, waliojisajili au wanaokaribia kujisajili England, huyauliza tena na tena simu ya mkaguzi inapokaribia. Baadhi ya majibu yanategemeana. Panapohitajika, msomaji ameelekezwa kwenye swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

Je, kila anayelea watoto wa watu nyumbani kwake hukaguliwa?

Kwa mujibu wa Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006, mtu anayelea mtoto aliye chini ya miaka 8 nyumbani kwake mwenyewe, kwa zaidi ya saa mbili kwa siku na kwa malipo, anapaswa kusajiliwa. Malipo si fedha taslimu pekee: ukilipwa kwa vitu au kwa huduma, hayo nayo ni malipo. Usajili hufanywa na Ofsted, ambayo ni idara ya serikali inayokagua shule na malezi, au na wakala wa walezi aliyesajiliwa na Ofsted. Aliyejisajili kupitia wakala hutembelewa na wakala wake, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukurasa huu inamhusu aliye chini ya Ofsted moja kwa moja.

Sheria inawaacha nje ndugu wa karibu, nao wametajwa kwa majina: babu na bibi, shangazi na mama mdogo, mjomba na baba mdogo, kaka na dada. Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama. Kwetu mtoto wa binamu ni mwanangu, na hakuna atakayehoji; sheria ya England haimhesabu binamu miongoni mwa ndugu hao. Ukimlea mtoto wake kwa malipo, unahitaji usajili kama ungemlea mtoto wa jirani.

Kwa wanaoishi Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini, mamlaka ni nyingine na masharti ni mengine; majibu yaliyo hapa yasichukuliwe kuwa yanawahusu.

Mkaguzi alikwisha kuja kabla sijapewa cheti. Huu unaoitwa ukaguzi wa kwanza ni upi?

Ile ilikuwa ziara ya usajili. Lengo lake lilikuwa kupima kama wewe na nyumba yako mnafaa kuanza kazi, na wakati huo hapakuwa na watoto wa kuangaliwa. Ukaguzi wa kwanza huja baada ya kuanza kazi, nao hupima malezi yenyewe: jinsi unavyozungumza na mtoto, unavyomlisha, unavyomfundisha na unavyomlinda. Walezi wanaojiandaa kwa kurudia majibu ya ziara ya usajili hushangaa mkaguzi anapokaa kwenye mkeka, akanyamaza, akawatazama wakifanya kazi.

Ukaguzi huo huja lini, na je, nitajulishwa?

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kumkagua mlezi mpya aliye kwenye Rejista ya Miaka ya Awali (ile ya wanaolea watoto hadi takriban miaka mitano) ndani ya miezi 30 tangu asajiliwe. Mageuzi yaliyotangazwa na serikali mwaka 2025 yanalenga kufupisha muda huo hadi miezi 18 tangu kuanza kazi, na kaguzi zinazofuata zisipungue moja katika kila miaka minne. Mlezi mpya asijipe matumaini kwamba ana miaka miwili na nusu ya kujiweka sawa.

Kwa kawaida mlezi wa nyumbani hupigiwa simu siku chache kabla, ili mkaguzi ajue ni siku zipi na saa zipi watoto wapo. Taarifa hiyo haitolewi ikiwa kuna malalamiko au wasiwasi juu ya usalama wa watoto. Hapo mkaguzi anaweza kufika bila kusema. Ukishajua kwamba unakaguliwa, unawajibika kuwaarifu wazazi, na wengi watapenda kutoa maoni yao kwa mkaguzi ana kwa ana au kwa barua fupi.

Siku yenyewe, kabla ya kumkaribisha ndani, omba kitambulisho chake, kisome na umwandike kwenye daftari la wageni. Heshima ya kwetu inatufanya tuone haya kumdai mgeni karatasi mlangoni, lakini mkaguzi akiingia bila kuulizwa, utakuwa umemwonyesha kwamba yeyote anaweza kuingia.

Matokeo hutolewaje?

Kuanzia Novemba 2025 Ofsted imeacha kutoa neno moja la jumla, kama lile la "nzuri" ambalo wengi walilizoea. Ripoti sasa inaonyesha kila eneo peke yake: ujumuishaji wa watoto wote, mtaala na ufundishaji, mafanikio ya watoto, tabia na mazoea ya kila siku, ustawi wa mtoto, na uongozi. Kila eneo hupewa kiwango kimojawapo kati ya vitano, kuanzia kile kinachodai marekebisho ya haraka hadi cha ubora wa kipekee. Ulinzi wa mtoto haupewi kiwango: umetimizwa au haukutimizwa.

## Karatasi na kumbukumbu

Niandae faili la namna gani?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza amekwisha nunua majalada matatu na vitenganishi vya rangi. Ofsted haidai mpangilio wowote maalumu wa karatasi, wala haimtaki mlezi aandike kitu kwa ajili ya mkaguzi. Inachodai ni zile kumbukumbu ambazo mwongozo wa kisheria wa malezi ya awali, unaojulikana kama EYFS, unazilazimisha kila siku, ukaguzi uwepo au usiwepo. Tangu Januari 2024 walezi wa nyumbani wana toleo lao la mwongozo huo. Hakikisha unasoma hilo na si lile la vituo, na usome toleo la karibuni, kwa sababu lilibadilishwa tena Septemba 2025.

Kwa kila mtoto, uwe na jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, majina na anwani za wazazi au walezi wake, anaishi na nani kati yao, na namba za dharura zisizopungua mbili. Uwe na daftari la mahudhurio lenye saa za kuingia na kutoka, kumbukumbu za ajali na huduma ya kwanza uliyotoa, na ruhusa ya maandishi ya mzazi kwa kila dawa pamoja na saa uliyompa mtoto. Weka karibu cheti cha usajili, cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto (kozi kamili ya saa 12, inayorudiwa kila baada ya miaka mitatu), bima ya dhima kwa umma, na uthibitisho wa ukaguzi wa rekodi za jinai, yaani DBS, kwa kila mtu mwenye miaka 16 au zaidi anayeishi au kufanya kazi nyumbani humo. Kwa kuwa unatunza taarifa za watu, hasa kwa simu au kompyuta, angalia pia wajibu wako wa kujisajili kwa Kamishna wa Habari (ICO), anayesimamia ulinzi wa taarifa binafsi.

Daftari la mahudhurio ndilo linaloangusha wengi. Mtoto ameingia saa mbili kasorobo, mlezi anaandika saa mbili kamili kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mkataba. Jioni wiki nzima inajazwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja. Mkaguzi mzoefu huliona hilo kwa kutupa jicho tu. Andika mlangoni, mtoto akiwa bado amevaa koti.

Je, sera zangu zote lazima ziwe za maandishi?

Mlezi wa nyumbani halazimiki kuandika sera zote, lakini lazima awe nazo na aweze kuzieleza kwa mzazi na kwa mkaguzi. Huu ni unafuu wenye mtego. Wapo walionunua sera zilizoandikwa na wengine, kurasa arobaini, kisha wakaulizwa jambo lililo ukurasa wa tatu wakashindwa. Ushauri wangu ni kuandika chache kwa maneno yako mwenyewe, hasa ya ulinzi wa mtoto na ya mtoto aliyepotea au asiyechukuliwa, kisha kuzisema kwa sauti jikoni hadi ziwe zako. Malalamiko ya wazazi, hata kama huna sera ya maandishi, lazima yaandikwe pamoja na matokeo yake, na anayelalamika kwa maandishi apewe jibu ndani ya siku 28.

## Nyumba na maisha ya kila siku

Mkaguzi ataangalia nini nyumbani?

Anaangalia hatari na jinsi unavyozijua: lango la ngazi, kamba za mapazia, sabuni na dawa za kufanyia usafi, kifaa cha kugundua moshi kinachofanya kazi, blanketi la kuzimia moto jikoni, njia ya kutokea nje. Huhitaji kuandika tathmini ya kila hatari, ila uweze kusema umeiona na umefanya nini. Wanaofukiza udi au ubani nyumbani wafanye hivyo baada ya watoto kuondoka, na chetezo chenye makaa kisibaki mahali ambapo mkono wa mtoto unaweza kufika hata kikiwa kimepoa. Kuvuta sigara au kifaa cha mvuke hakuruhusiwi watoto wakiwapo au wakikaribia kufika.

Naweza kuwapa watoto chakula cha kwetu?

Ndiyo, na usikifiche siku ya ukaguzi ukaweka sandwichi ambazo watoto hawajawahi kuziona kwako. Uji, maharage, ndizi za kupika, samaki na mchicha ni chakula bora kabisa. Punguza chumvi na sukari; asali isitumike kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja; karanga nzima zisitolewe kwa aliye chini ya miaka mitano; zabibu zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Wali uliobaki upoozwe ndani ya saa moja, uwekwe kwenye friji na usipitishe siku. Uliza mzio wa kila mtoto kabla hajaanza, si baada ya kumpa chakula.

Tangu Septemba 2025 kanuni za kula zimekazwa: mtoto anapokula lazima awepo chumbani mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto, na mtoto aonwe na kusikika muda wote. Kwa mlezi aliye peke yake maana yake ni kwamba huondoki kwenda kuanua nguo wakati mmoja wao bado ana kijiko mkononi. Kaa uwakabili, uone nyuso zao, kwa sababu mtoto anayepaliwa mara nyingi hatoi sauti.

Vipi kuhusu kumbeba mtoto kwa mbeleko, na usingizi?

Mbeleko haikukatazwa. Muonyeshe mzazi jinsi unavyobeba, mkubaliane, na uhakikishe uso wa mtoto uko wazi na usibebe ukiwa unapika. Mtoto mchanga akilala, mlaze chali kwenye kitanda chake, juu ya godoro imara na tambarare, bila mto, bila mdoli, bila kanga iliyorundikwa. Walalao lazima waangaliwe mara kwa mara, nawe uweze kumweleza mkaguzi unawaangalia kila baada ya muda gani.

## Ulinzi wa mtoto

Nitaulizwa maswali gani ya ulinzi?

Mara nyingi huwa ni hadithi fupi. Mtoto amekuja Jumatatu ana michubuko mkononi, na mama anasema ameanguka, utafanya nini? Mume wako ametuhumiwa kumdhuru mtoto unayemlea, utampigia nani? Mkaguzi hatafuti ufasaha. Anataka kujua kama utachukua hatua siku hiyo hiyo.

Kwa lile la kwanza: sikiliza, usimhoji mtoto kama polisi, andika ulichokiona na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, weka tarehe na saa, kisha wasiliana na idara ya ustawi wa watoto ya halmashauri yako. Kukiwa na hatari ya papo hapo piga 999. Kwa lile la pili: halmashauri ina afisa maalumu wa tuhuma dhidi ya watu wanaofanya kazi na watoto, naye huarifiwa, na Ofsted nayo lazima iarifiwe mapema iwezekanavyo, kwa vyovyote si zaidi ya siku 14. Namba hizo ziwe zimeandikwa mahali unapopaona bila kufungua simu. Ujue pia dalili za ukeketaji na wapi pa kuripoti. Ni swali la kawaida, halina maana kwamba unashukiwa kwa sababu ya ulikotoka.

Jambo gumu zaidi kwetu ni la jamii. Mama wa mtoto ni mtu wa msikiti mmoja nawe, au wa kwaya moja, na kuripoti kunaonekana kama kumwaga mchele wa nyumba ya mwenzio. Nimeona walezi wazuri wakisita hapo. Mtoto wa miaka miwili hana mzee wa ukoo wa kumpelekea shauri lake. Aliye naye mchana kutwa ni wewe.

Mtoto ana alama za buluu mgongoni tangu kuzaliwa. Niziandike?

Ziandike siku ya kwanza. Watoto wengi wenye asili ya Afrika na Asia huzaliwa na mabaka ya buluu au kijivu kiunoni, makalioni au mgongoni, ambayo kwa asiyeyajua hufanana na alama za kupigwa. Muombe mzazi akuonyeshe, chora umbo la mwili kwenye karatasi, tia alama mahali baka lilipo, andika ukubwa na rangi, na nyote wawili mtie saini. Angalia pia kama yameandikwa kwenye kile kitabu chekundu cha afya ya mtoto. Karatasi hiyo inamlinda mama, inakulinda wewe, na inamlinda mtoto, kwa sababu alama mpya ikitokea utajua kwamba ni mpya.

Mzazi mwenyewe ameniruhusu kumchapa akikosea. Je, inakubalika?

Haikubaliki. Mlezi aliyesajiliwa hawezi kumpiga mtoto wala kumtishia kumpiga, hata mzazi akitoa ruhusa ya maandishi. Maneno ya utani kama "nitakuchapa mimi!" nayo ni tishio, na mkaguzi akiyasikia, au akielezwa na mtoto, huna la kujitetea.

## Kufundisha, na lugha

Kiingereza changu si kizuri sana. Nitafeli?

Kanuni inadai Kiingereza cha kutosha kwa usalama wa mtoto: kuweka kumbukumbu, kuzungumza na halmashauri au daktari, kuita msaada wa dharura, kusoma maelekezo ya dawa na ya chakula. Lafudhi haipimwi. Kama unaogopa simu, jizoeze kusema anwani yako yote, pamoja na msimbo wa posta, na kueleza mtoto anapumua au hapumui. Kumbukumbu zilizotajwa kwenye swali la faili ziwe kwa Kiingereza.

Niongee Kiswahili na watoto mbele ya mkaguzi?

Mwongozo wenyewe unamtaka mlezi achukue hatua zinazofaa ili mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao si Kiingereza apate nafasi ya kuitumia lugha hiyo katika kucheza na kujifunza. Wakati huo huo unamtaka ahakikishe mtoto anapata Kiingereza cha kutosha kabla ya kuanza shule. Kwa hiyo Kiswahili si kosa la kuficha. Ni sehemu ya kazi yako, hasa kwa watoto wa nyumba za Waswahili. Mueleze mkaguzi lini unatumia lugha ipi na kwa nini. Kwa mtoto asiyejua Kiswahili, wimbo mmoja na salamu zinatosha.

Mkaguzi anataka kuona nini ninapocheza na watoto?

Anataka kujua mtoto huyu alikuwa wapi, yuko wapi sasa, na wewe unakusudia ajifunze nini baadaye. Mwongozo una maeneo saba ya kujifunza. Matatu ni ya msingi, nayo ni mawasiliano na lugha, ukuaji wa mwili, na ukuaji wa nafsi na mahusiano na wenzake. Kwa watoto wadogo hayo matatu ndiyo karibu kazi yote. Aidha, kila mtoto lazima apate tathmini fupi ya maandishi anapokuwa kati ya miezi 24 na 36, nawe uijadili na wazazi.

Katika ukaguzi wangu wa kwanza nilikuwa nimepanga mchezo wa rangi mezani, na vikombe vimepangwa tangu usiku. Mtoto wa miaka miwili aliupita, akaenda jikoni nilikokuwa nimeacha ungo wa maharage makavu. Nikaketi sakafuni naye. Tukachambua: hili zuri, hili bovu, hili lina kijiwe. Akaanza kusema "bovu" na kucheka. Tukahesabu mabovu moja hadi tano, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, nami sikuyaondoa macho yangu kwenye mkono wake, kwa sababu harage moja linaweza kuingia puani. Mkaguzi aliniuliza baadaye kwa nini niliacha mpango wangu. Nilimjibu kwamba wiki mbili zilizopita mtoto huyu alikuwa hatamki neno la kuelezea sifa ya kitu, na sasa alikuwa na moja. Jibu lilikuja kwa sababu nilikuwa ninamjua mtoto, na faili lilifunguliwa mwishoni tu, kwa dakika chache.

## Hali zisizo za kawaida

Kama sina mtoto hata mmoja wakati wa ukaguzi?

Mueleze mkaguzi mapema, anapopiga simu. Ikiwa kwa sasa hulei mtoto yeyote, hawezi kupima malezi ambayo hayapo. Ataangalia kama bado unatimiza masharti ya usajili.

Mama yangu amekuja kutoka Tanga kukaa nami miezi mitatu. Inahusiana na ukaguzi?

Inahusiana sana. Mtu mzima anayehamia nyumbani kwako ni badiliko ambalo Ofsted inapaswa kuarifiwa, na aliyeishi nje ya nchi katika miaka mitano iliyopita hutakiwa pia hati ya tabia njema kutoka polisi wa nchi aliyokuwa. Wasiliana na Ofsted kabla hajafika, ueleze atakaa muda gani. Asiyechunguzwa asiachwe peke yake na watoto hata dakika tano, hata kama ni bibi aliyelea kumi wa kwake. Kijana wako anapokaribia miaka 16 hatua ni zile zile za DBS.

Nimejifungua. Je, mwanangu anahesabika?

Anahesabika. Kwa kawaida mlezi mmoja hawezi kuwa na zaidi ya watoto sita walio chini ya miaka 8, na kati yao wadogo, yaani wa takriban miaka mitano kwenda chini, wasizidi watatu, na wa chini ya mwaka mmoja awe mmoja tu. Kanuni zinaruhusu kuzidisha hesabu ya wadogo katika hali maalumu, kwa mfano unapolea ndugu wawili wa tumbo moja au mwanao mchanga, ila jumla ya sita haivukwi, nawe uweze kumweleza mkaguzi unavyotimiza mahitaji ya kila mmoja.

Naweza kumwachia msaidizi wangu watoto nikaenda shuleni kuchukua wengine?

Ndiyo, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, kwa ruhusa ya wazazi, na msaidizi awe na cheti kamili cha huduma ya kwanza kwa watoto.

Ripoti itaonyesha jina na anwani yangu kwa kila mtu?

Ripoti huwekwa hadharani, lakini ya mlezi wa nyumbani hutambuliwa kwa namba ya usajili, na jina na anwani kamili havionyeshwi isipokuwa ukiridhia. Wazazi wa watoto wanaohudhuria kwako unawapa nakala mwenyewe.

Na kama sikubaliani na kilichoandikwa?

Rasimu hukufikia kabla ya kuchapishwa, na muda wa kuisahihisha ni mfupi, kwa hiyo isome siku inapofika. Tenganisha makosa ya ukweli, kwa mfano idadi ya watoto au siku unazofanya kazi, na malalamiko juu ya hukumu yenyewe, kwa sababu hupelekwa kwa njia tofauti. Kinachosaidia hapo ni maandishi uliyoweka siku ile ile: mkaguzi alifika saa ngapi, aliuliza nini, nawe ulimjibu nini. Weka daftari na kalamu kwenye droo ya jikoni, na mara tu anapoondoka, kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote, kaa uandike.